Ardhi Ikitikisika: Mambo Ambayo Mkaazi wa Taita Taveta Anafaa Kujua

Mnamo Machi 2019, tetemeko la ukubwa wa takriban 4.8 lilitikisa kaunti yetu. Je, mtikisiko wa aina hii ni dalili kwamba volkano inaamka?

Chanzo chake
Afrika Mashariki inapasuka polepole, milimita chache kila mwaka. Bonde la Ufa lenyewe halipiti Miasenyi, lakini volkano si ngeni kwetu. Ziwa Chala liko ndani ya kreta, na chemchemi za Mzima hupata maji yaliyochujwa na miamba ya volkano ya Chyulu. Miamba ikivutwa kwa muda mrefu, huteleza ghafla kwenye ufa wa zamani, nasi tukahisi tetemeko.

Tetemeko moja au mfululizo?
Kwa kawaida tetemeko kubwa hufuatwa na madogo yanayopungua. Katika mfululizo, mitetemeko mingi huja kwa siku au wiki kadhaa bila mmoja kuizidi mingine sana. Mara nyingine chanzo ni magma inayopenya chini ya ardhi. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2007 karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania. Tetemeko la tarehe 17, lenye ukubwa wa 5.9, lilihisiwa hadi Nairobi. Magma iliyopenya Gelai haikufika juu, lakini Septemba mlima jirani wa Oldoinyo Lengai ulilipuka kwa nguvu. Kwa hivyo, tetemeko moja pekee halitoshi kuonyesha kwamba mlima utalipuka.

Jikinge
• Ukiwa ndani, inama, ingia chini ya meza imara na uishikilie. Usikimbilie mlangoni.
• Ukiwa nje, kaa mbali na kuta, nyaya za umeme na matangi ya maji yaliyoinuliwa.
• Wakaazi wa miteremko ya Wundanyi na Mwatate, jihadharini na mawe na maporomoko.
• Unapojenga, weka lenta ya zege yenye vyuma kuzunguka nyumba yote. Ukuta usiofungwa ndio huua watu.
• Baada ya mtikisiko, kagua nyufa kabla ya kulala ndani.

Hakuna mtaalamu anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Ujumbe wa simu unaodai hivyo usiusambaze. Ukiona nyufa mpya ardhini au majengo yaliyoharibika, mjulishe chifu wako. Kwa dharura, piga 999 au 112.