Tabianchi kwenye Skrini: Filamu Ipi Imfae Mtoto? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi hewa ukaa na gesi nyingine zinavyozuia joto la dunia lisitoroke kwenda angani, na kwa nini wastani wa joto umekuwa ukipanda tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe. Mtu mzima huyasoma hayo gazetini, akayakubali au akayabishia, kisha akaendelea na shughuli zake. Mtoto hayasomi, huyatazama. Shule yenye projekta, au mzazi mwenye simu na bando, huweka filamu, na baada ya saa moja u nusu mtoto anaondoka na picha kichwani ambazo hakuna aliyemuuliza kama anaziweza. Leo tuangalie nani anafaa kuamua filamu ya aina hiyo ionyeshwe kwa watoto wa umri gani, na kwa kipimo kipi.

Kesi inayonifundisha zaidi kuhusu jambo hili haikutokea kwetu, ingawa mlima wetu ulitajwa ndani yake. Mwaka 2006 ilitoka filamu iitwayo An Inconvenient Truth, iliyoongozwa na Davis Guggenheim. Humo Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, anasimama mbele ya hadhira na kueleza kwa michoro na picha jinsi dunia inavyopata joto. Mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Oscar. Serikali ya Uingereza ikaipenda na kuamua kuisambaza katika shule za sekondari za umma. Stuart Dimmock, dereva wa lori wa Kent, baba wa watoto wawili na mjumbe wa bodi ya shule, akakimbilia Mahakama Kuu. Alidai watoto wanalishwa siasa kwa jina la sayansi.

Alikuwa na sheria ya kushika. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya 1996, kifungu cha 406, inakataza kueneza msimamo wa kisiasa wa upande mmoja katika masomo. Kifungu cha 407 kinataka jambo la kisiasa likiletwa mbele ya wanafunzi, wapewe maoni yanayopingana kwa uwiano. Jaji Burton alitoa hukumu tarehe 10 Oktoba 2007, na ni hukumu ya busara kuliko ilivyotangazwa na magazeti ya pande zote mbili. Hakuipiga filamu marufuku. Alikubali kwamba hoja zake kuu nne zina msingi wa kisayansi: dunia inapata joto, chanzo kikubwa ni binadamu, madhara yatakuwa mabaya tusipojizuia, na zipo hatua za kuchukua. Ila alitaja sehemu tisa ambapo Gore alivuka mipaka ya yale wanasayansi wengi waliyokubaliana wakati huo. Akaruhusu filamu ionyeshwe kwa sharti kwamba mwalimu awe na mwongozo unaozitaja sehemu hizo na kuzirekebisha. Siku mbili baadaye Gore na Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, wakatangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, na kelele zikaanza upya.

Mojawapo ya sehemu hizo tisa ni theluji ya Kilimanjaro. Hapa tukae kidogo.

Filamu inaonyesha kilele cha Kibo katika miaka tofauti, weupe ukipungua, na mtazamaji anaachiwa ahitimishe mwenyewe kwamba moshi wa magari na viwanda ndio ulioula. Kwamba barafu imepungua hakuna ubishi. Vipimo vya timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State vilionyesha kuwa kufikia 2007 takriban asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912 lilikuwa limetoweka. Ubishi ulikuwa juu ya sababu. Watafiti wengine, akina Georg Kaser na Thomas Mölg, walieleza kwamba barafu hiyo ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka na theluji mpya ikaadimika. Kule juu kuna baridi kali, chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote, na jua huweza kuigeuza barafu kuwa mvuke bila kupitia hatua ya maji. Ndiyo maana jaji akasema haikuwa imethibitika kwamba binadamu ndiye chanzo kikuu cha kupungua huko.

Sasa mfikirie mtoto wa Moshi, mji ulio chini ya mlima huo. Mwaka 2002 Thompson na wenzake walikadiria kwamba barafu yote ya Kibo ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita. Asubuhi mawingu yakifunguka, weupe bado unaonekana, umechakaa na umevunjika vipande, lakini upo. Aliyeambiwa darasani kwamba theluji itakwisha kabla hajamaliza shule sasa ni mtu mzima, anatazama juu na kuona alidanganywa, na kwa kuwa alidanganywa katika hili, haoni sababu ya kuamini mengine. Hasara hiyo haimo katika kitabu chochote cha kupanga madaraja ya filamu. Watu hudhani hatari ya filamu za tabianchi ni kumtisha mtoto mno. Mimi naogopa zaidi kumtisha kwa jambo ambalo baadaye ataligundua halikuwa hivyo, kwa sababu hofu ya namna hiyo ikimtoka huondoka na ukweli wote iliokuja nao.

Na ukweli wa Kibo ni mzito vya kutosha bila kutiwa chumvi. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zinaelekea kutoweka ifikapo 2050. Mwalimu wa Machame au Marangu ana la kuongeza ambalo Gore hakulisema: maji ya chemchemi na mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, yanatokana zaidi na mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlimani kuliko barafu ya kileleni. Msitu ukiungua, mfongo utakauka hata kama Kibo ingebaki nyeupe pe. Mtoto akilijua hilo anapata kitu cha kushika mkononi.

Sehemu nyingine nitazipita haraka. Filamu inaonyesha ramani za miji ikimezwa na bahari kana kwamba ni jambo la miaka michache ijayo. Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, bahari itapanda kama mita saba, ni kweli, lakini jaji alieleza kwamba hilo huchukua milenia. Makadirio ya IPCC ya 2021 kwa mwisho wa karne hii ni kati ya sentimita 28 na mita moja hivi, kutegemea tutachafua hewa kiasi gani. Kwa mtu wa Pemba au Lamu hata nusu mita ni balaa. Filamu inadai pia kuwa watu wa visiwa vya Pasifiki walilazimika kuhamia New Zealand. Jaji hakuona ushahidi wa uhamaji huo. Ilihusisha kimbunga Katrina na kukauka kwa Ziwa Chad moja kwa moja na ongezeko la joto, ilhali Ziwa Chad lina habari zake za ukame, ongezeko la watu na mifugo. Kuhusu matumbawe, jaji alisema ni vigumu kutenganisha joto na uchafuzi na uvuvi wa kupita kiasi. Hapo nadhani muda umempa Gore haki zaidi kuliko jaji: matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipauka na kufa kwa wingi mwaka 1998, na upaukaji umejirudia tangu hapo. Sayansi husogea, na mwongozo wa mwalimu ulioandikwa 2007 nao unahitaji kurekebishwa.

Jaji alipima ukweli na siasa, na hofu hakuipima, kwa kuwa hakuulizwa. Bodi za filamu hazitusaidii sana. Bodi ya uainishaji ya Kenya ina madaraja yake, kuanzia filamu ya watu wote hadi ya miaka 18, na kama bodi nyingine nyingi huangalia damu, uchi, matusi na dawa za kulevya. Filamu ya Gore haina hata kimoja, na Uingereza iliipa daraja la watu wote. Hata hivyo kuna dubu mweupe wa katuni anayeogelea akitafuta kipande cha barafu cha kupandia, na kila anapokipata kinapasuka. Kuna mtoto wa Gore aliyegongwa na gari. Kuna dada yake aliyekufa kwa saratani ya mapafu. Mtoto wa miaka saba atasahau grafu zote, lakini dubu huyo atalala naye.

Netflix ililigundua hilo kwa njia ngumu mwaka 2019. Katika mfululizo wa Our Planet, ambao msimulizi wake ni David Attenborough, kuna tukio la walrasi, wanyama wakubwa wa bahari ya barafu wenye meno kama pembe, wakiporomoka kutoka kwenye majabali ya Urusi na kufa. Watazamaji walilalamika mno hadi kampuni ikatangaza ni dakika ipi hadi ipi zirukwe na asiyeweza kuvumilia. Nauona utaratibu huo kuwa wa maana kuliko daraja lolote. Mzazi akiambiwa ni dakika gani, anajua pa kusimamisha.

Hofu yenyewe haitokani na filamu peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Planetary Health uliwahoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, Nigeria ikiwamo, na asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana kuhusu tabianchi. Halafu kuna watoto ambao kwao mafuriko si picha. Mtoto wa Katesh aliyeona tope la Mlima Hanang likishuka tarehe 3 Desemba 2023, likaua watu zaidi ya 80, hahitaji ramani ya Manhattan ikizama ili aelewe. Mwalimu wake anatakiwa kujua nani darasani alipoteza ndugu kabla hajazima taa.

Kuna filamu ninayoipendekeza kabla ya ile ya Gore, nayo ni Thank You for the Rain ya mwaka 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, alipewa kamera na mtayarishaji wa Norway, Julia Dahr, akairekodi familia yake kwa miaka kadhaa: mvua inayokataa kuja, kisha dhoruba inayoharibu nyumba yao. Inatisha, kwa sababu nyumba ile inafanana na nyumba nyingi tunazozijua. Lakini baada ya dhoruba Kisilu anaonekana akiwashawishi majirani wapande miti, na anafika hadi kwenye mkutano wa Paris wa 2015. Mtoto anaona mtu mzima ambaye hofu haikumlaza chini. Dubu wa katuni hana jirani wa kumshawishi.

Jambo moja la lugha, maana nyingi ya filamu hizi ziko kwa Kiingereza. Mtoto asiyekifuata hubaki na picha tupu, na mwalimu anageuka kuwa kama wale wasimulizi wa vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani, ambao ukiwapa filamu ya polisi mmoja wanakurudishia ya jeshi zima. Mwalimu aitazame peke yake kwanza, aandike pembeni maelezo ya Kiswahili kwa kila sehemu nzito, na asitie yake.

Uamuzi wangu ni huu. Filamu ya Gore isionyeshwe nzima kwa watoto wa shule ya msingi. Kuanzia kidato cha pili ionyeshwe pamoja na orodha ya zile sehemu tisa, kwa vipande vya dakika ishirini, taa zikiwashwa kila baada ya kipande na maswali yakiulizwa hapo hapo. Ya Kisilu inawafaa watoto wa darasa la tano na kuendelea, mtu mzima akiwa chumbani, isipokuwa pale ambapo mafuriko yamepita karibuni. Kwa walio chini ya hapo, wapelekeni kwenye mfongo, mikoko au kitalu cha miti, na filamu isubiri. Wiki ijayo tutaangalia vitabu vya kiada vya jiografia vinasema nini kuhusu jambo hili. Wasomaji wenye nakala za zamani wazitoe kabatini.