Kitenzi «fuma» na kazi za uzi Kalemie

Wengi huchanganya kushona, kutarizi na kufuma. Kushona ni kuunganisha vipande vya nguo. Kutarizi, neno litokalo Kiarabu, ni kuipamba nguo iliyokwisha kuwapo. Kufuma huizaa nguo yenyewe kutokana na uzi. Huko Kalemie, mitambo ya kiwanda cha Filtisaf ilipitisha mshindio katika mtande. Mwanamke atokaye kupunga upepo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika wakati wa kiangazi, kikwembe kiunoni, hupitisha uzi mmoja tu, kitanzi ndani ya kitanzi. Wako waiitao kazi hii ya pili mchezo. Lugha haiwaungi mkono: kitenzi ni kilekile. Mitambo imekwisha kunyamaza. Sindano ya kufumia ingali yatiwa mkobani, na jioni hurudi nyumbani na kitambaa kilichorefuka.