Damu Nyepesi ya Watu wa Mlimani

Anayepanda Kilimanjaro huchoshwa na neno moja la waongozaji: pole pole. Wana sababu. Kileleni, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, sawa na Tanga au Mombasa. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa, iliyobaki karibu nusu, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni nusu tu. Kichwa huuma, chakula hakipiti, usingizi haupatikani.

Mwili hujitetea. Figo hutoa homoni inayouhimiza uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi za kubeba oksijeni. Kwa mgeni wa wiki chache, huo ni msaada. Kwa mkazi wa maisha, chembe zikizidi mno damu huwa nzito kama uji, na moyo huchoka kuisukuma. Katika milima ya Andes, ambako wenyeji wengi wana damu ya namna hiyo, daktari Carlos Monge wa Peru aliueleza ugonjwa huo mwaka 1925, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Watibeti je? Wengi wao huishi juu ya mita 3,500, lakini chembe zao hazizidi sana za mtu wa bondeni. Mwaka 2010 watafiti walilinganisha vinasaba vyao na vya Wachina wa Han, na jeni moja ikajitokeza: EPAS1. Ndiyo inayoamuru mwili uitikie vipi oksijeni ikipungua. Aina waliyorithi Watibeti huipoza amri hiyo. Wao hupumua kwa wingi zaidi, na mishipa yao hupitisha damu nyingi.

Urithi wenyewe una historia. Mwaka 2014 ilibainika kwamba aina hiyo ya jeni ilitoka kwa Wadenisova, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, ambao jina lao limetokana na pango la Siberia. Waliozaa nao waliwaachia wajukuu kinga ya mlima.

Ethiopia nayo ina ushahidi wake. Waamhara wa milima ya Simien wana damu isiyo nzito, kwa jeni tofauti na za Watibeti. Waoromo wa Bale, waliohamia nyanda za juu yapata miaka 500 iliyopita, bado damu yao huongezeka chembe. Karne tano ni vizazi 20 hivi, na mlima haujamaliza kazi yake kwao. Sembuse mpandaji wa siku sita! Kichwa kikimuuma asiendelee kupanda, akizidiwa, ashuke.