Je, Wajua? Maji ya Ruvu, Maembe ya Wizi na "Mimi" Asiyepatikana

Je, wajua kwamba anayeishi Kimara au Mbezi anatembea na mto mwilini? Ruvu huanzia milima ya Uluguru. Maji yake husafishwa kwenye mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, wilayani Kibaha, kisha husukumwa mabombani kuelekea Dar es Salaam. Mwili wa mtu mzima ni maji kwa takriban asilimia 60, na maji hayo hayatulii: tunayanywa, yanatutoka kwa jasho, mkojo na pumzi, na baada ya wiki chache mengi ya yale ya mwanzo yameshakwenda. Chembe nyekundu za damu nazo huishi kama siku 120 tu. Budha, aliyefundisha kaskazini mwa India yapata miaka 2,500 iliyopita, aliiweka hali hii katika kiini cha mafundisho yake. Wabudha wanaiita anicha: chochote kilichoundika kinabadilika, kisha kinakwisha.

Je, wajua kwamba hotuba yake ya pili ilihusu jambo ambalo kila mgonjwa analijua? Mwili ungekuwa ndio mimi hasa, alieleza, ningeuamuru usiumwe nao ungetii. Hautii. Akaendelea hivyohivyo kwa hisia, utambuzi, misukumo ya nia na ufahamu. Katika mafungu hayo matano hakuna hata moja linaloshika amri, wala hakuna "mwenyewe" wa kudumu aliyekaa nyuma yake. Hiyo ndiyo anata, na ndipo Ubudha unapoachana na misikiti na makanisa ya kwetu wilayani Kisarawe, jirani na Dar es Salaam. Muislamu na Mkristo nao wanasema dunia inapita, lakini wanaamini roho inabaki na itasimama mbele ya Muumba wake. Tofauti hii ni kubwa, na sioni faida ya kuipaka rangi ili ionekane ndogo.

Je, wajua kwamba mfalme mwenye asili ya Kigiriki aliwahi kubanwa kwa swali juu ya gari lake? Alikuwa Menander, aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 KK. Wabudha wanamwita Milinda. Mtawa Nagasena alimuuliza: gari ni magurudumu? Ni ekseli? Ni nira? Mfalme akakana kila kimoja, mpaka akakiri kwamba "gari" ni jina tu la vitu hivyo vikikutana. Nagasena akamwambia jina lake mwenyewe ni vivyo hivyo.

Je, wajua kwamba mkulima wa muhogo wa Kisarawe hushika jembeni swali lilelile waliloulizana wawili hao? Muhogo haupandwi kwa punje. Unakata shina la mwaka huu, unatoa pingili, unazifukia, nazo zinachipua. Shina la zamani hukauka, kiazi chake kinaliwa, lakini aina inaendelea shamba hadi shamba, jirani akimpa jirani. Muhogo ulioko shambani leo ni uleule wa bibi, au ni mwingine? Mti mtakatifu wa Anuradhapura, Sri Lanka, una historia ya namna hiyohiyo: inasimuliwa kwamba ulipandwa mwaka 288 KK kutoka tawi la mti ambao Budha aliketi chini yake alipopata mwanga. Nagasena alipoulizwa kama anayezaliwa upya ni yule aliyekufa au ni mwingine, alijibu: si yule, wala si mwingine. Mwenye kukata pingili kila msimu hahitaji kufafanuliwa sana jibu hilo.

Je, wajua kuhusu mwana hiti? Wazaramo, na Wakwere walio majirani zao, walimpa mwali kinyago kidogo cha mti: kichwa chenye nywele zilizochongwa kwa ustadi, kiwiliwili bila mikono wala miguu. Mwali alikitunza kama mtoto muda wote aliowekwa ndani. Siku ya kutolewa, ngoma zikipigwa, aliyetoka alipokewa kama mtu mzima, na ule utoto haukurudiwa. Umbo hilohilo lilichongwa pia juu ya nguzo za makaburi, kwa mti ambao mvua na mchwa hawauachi. Nguzo kadhaa sasa zimehifadhiwa kwenye majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Nafurahi kwamba zipo, ila nahuzunika kwamba mtoto wa Maneromango, huku Kisarawe, hana njia rahisi ya kuziona.

Je, wajua kwamba kaolini, ule udongo mweupe wa vilima vya Pugu, hutokana na madini ya mwamba mgumu yaliyooza taratibu kwa maji na miaka mingi? Hata jiwe lina anicha yake.

Je, wajua kwamba Ubudha haukuja Afrika Mashariki jana? Wasinhala kutoka Ceylon, sasa Sri Lanka, walianzisha hekalu Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Uganda, mtawa Bhante Buddharakkhita, mzaliwa wa huko aliyepewa utawa mwaka 2002, alianzisha kituo cha Kibudha mwaka 2005.

Na je, wajua kwamba mafundisho ya anata hayafuti deni? Milinda alitaka kujua: kama hakuna "mimi" anayevuka, mtu si ataepuka matendo yake? Nagasena akamtolea mfano wa mwizi wa maembe. Amekamatwa, anajitetea: "Maembe niliyochuma si yale aliyopanda mwenye shamba. Yeye alifukia kokwa, mimi nimechukua matunda." Je, aachiwe? Mfalme akasema hapana, aadhibiwe, kwa sababu matunda yale yasingekuwepo bila kokwa ile.