Shairi la kilio halihitaji maneno makubwa

Hapa kwetu, kuanzia Kalunguta mpaka Butembo na Beni, mara nyingi mu kilio kunaitwa kijana mmoja aliyesoma ili atoe shairi. Tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, kazi hiyo imekuwa mingi. Na kijana, juu ya kuwa yeye ni msomi, anatafuta maneno makubwa: "Ee mauti katili, umeizima nyota ya matumaini yetu!" Watu wanatikisa kichwa. Lakini mama mwenye kufiwa, yule anayeketi mbele kwenye mkeka, hajasikia kitu juu ya mtoto wake. Shairi kama lile unaweza kulisomea marehemu yeyote, unabadilisha jina tu.

Sasa linganisha na hili: "Jembe lako bado liko nyuma ya mlango. Hakuna mwenye kulishika." Hakuna neno hapo ambalo mtoto wa shule ya msingi halijui. Lakini mama atainua kichwa, kwa sababu lile jembe analiona kila asubuhi.

Sisi wa agronomia tunalijua jambo hili. Mtajie mkulima mbolea kwa jina la Kifaransa tulilolikariri chuoni, atakuangalia tu. Sema majani yaliyooza na mavi ya mbuzi, palepale atakuuliza: kiasi gani?

Wengine wanadhani lugha nyepesi ni ya wale wasiojua Kiswahili. Hapana. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe mu Ziwa Victoria, alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mu utangulizi alieleza kwamba anataka lugha ya kawaida, ile watu wanaongea kila siku. Walimpinga sana, kuna waliokataa hata kuyaita mashairi.

Lakini kuacha vina si njo urahisi wenyewe. Mwana Kupona, mwanamke wa Pate, pwani ya Kenya ya leo, alikuwa mgonjwa alipomwandikia binti yake utendi mnamo 1858. Vina vimo, mizani ya silabi nane imo, na bado mwanzoni unasikia mama anamwita mtoto aje karibu na wino na karatasi. Kweli, Kiswahili chake kinatushinda sisi wa huku. Kwa binti yake kilikuwa cha nyumbani, na ni yeye aliyekuwa anaandikiwa.

Njo hapo Kinande kinaingia. Kama marehemu alizoea kusema "wasingya", usimwekee "shukrani za dhati" mdomoni. Andika wasingya. Tena kabla ya kilio, msomee shairi mtu mmoja wa familia, kwa sauti. Akikuuliza neno fulani maana yake nini, lifute.