Kisima hujazwa na mvua ya namna gani?

Kila mwisho wa kiangazi, kamba ya kisima cha msikiti wetu hapa Masanze huongezwa urefu. Wanaotangulia alfajiri hupata maji ya kutawadha. Akina mama wajao na ndoo baada ya jua kuchomoza huambulia tope. Kamati ilipojadili matumizi ya michango ya waumini, wazee wetu waligawanyika. Baadhi walitaka tuchimbe zaidi. Wengine walisema tusubiri, kwani haba na haba hujaza kibaba, na hata manyunyu hatimaye hufika kisimani. Tuliona ni wajibu kutazama wenye elimu wanasema nini kabla ya kuitumia amana ya watu.

Elimu hiyo huyasoma maji yenyewe. Oksijeni iliyomo majini si ya uzito mmoja: katika kila atomu elfu moja, takriban mbili ni nzito kuliko wenzake, ingawa zote ni oksijeni. Ndugu hao wa uzito tofauti huitwa isotopu. Katika nchi za joto kama yetu, mvua kubwa kwa kawaida huwa na isotopu nzito chache kuliko manyunyu. Uwiano huo hubaki majini mfano wa alama ya ukoo, na maji yakizama ardhini huenda nao.

Siku hizi uwiano huo hupimwa kwa leza. Maji hugeuzwa mvuke ndani ya chumba kidogo chenye vioo, kisha mwanga hupitishwa humo. Molekuli nzito na nyepesi hufyonza rangi zinazopishana kidogo mno. Mawe nayo yana njia yake. Leza hulipiga jiwe kwa pigo fupi, chembe zake zikawaka na kuwa plazima, yaani gesi yenye joto la maelfu ya nyuzi, na rangi za mwanga wake zikasomwa. Kwa kuwa rangi za atomu za isotopu hukaribiana sana, mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba plazima ikiachwa ipoe hadi atomu ziungane kuwa molekuli, tofauti huonekana wazi zaidi.

Tangu miaka ya 1960, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hukusanya vipimo vya isotopu za mvua duniani. Dar es Salaam na Entebbe zimo katika orodha hiyo. Na huko Makutupora, vinakotoka visima vya mji wa Dodoma, kina cha maji ardhini kilifuatiliwa kwa miaka 55. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa maji hayo hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, na ongezeko kubwa kuliko yote lilikuja na El Nino ya 1997/98.

Basi, kwa visima vya namna ile, haba na haba haijazi kibaba. Sisi wa Kilosa hatujasahau mafuriko ya 2009/10, Mto Mkondoa ulipofurika na maelfu wakakosa makazi. Mvua hiyo hiyo kubwa tunayoiogopa ndiyo yenye kuzama mbali, ikipata mahali pa kutulia badala ya kukimbilia mtoni.

Kisima chetu hakijapimwa isotopu, lakini somo limetutosha kuafikiana. Kila Ijumaa tutapima kina cha maji na kukiandika daftarini, ili mwakani tuamue kuchimba kwa ushahidi. Paa la msikiti litawekewa mifereji na tangi. Uwanjani tutachimba makinga maji na kupanda miti. Na kila mmoja atatawadha kwa birika moja, kwani dini yetu imekataza israfu hata maji yanapokuwa mengi.

Tunawaomba wazazi wawafundishe watoto jambo hili la mwisho. Birika linalosalia alfajiri ni la mama anayekuja na ndoo saa mbili.