Visiwa vya kuelea: ridhaa ya jirani ina bei gani?

Kwa kawaida ukurasa huu hushughulika na bei za kahawa, pamba na korosho. Wiki hii tunaingia baharini, kwani ipo bidhaa moja ambayo wawekezaji wa Ulaya na Marekani wameitafuta kwa zaidi ya miaka 50, na wengi wamerudi mikono mitupu. Bidhaa hiyo ni ridhaa ya nchi jirani kwa makazi yanayojengwa juu ya maji na kutaka kujitawala.

Waliotangulia hawakuona haja ya kubisha hodi. Mwaka 1967 Roy Bates, aliyewahi kuwa meja katika jeshi la Uingereza, alikalia mnara wa vita ulioachwa baharini karibu na pwani ya Suffolk, akauita Sealand. Mwaka 1968 mahakama ya Uingereza ilisema haina mamlaka huko, kwa kuwa mnara ulikuwa nje ya mpaka wa maili 3. Mwaka 1987 Uingereza ilisogeza mpaka wake hadi maili 12, mnara ukajikuta ndani. Hakuna nchi iliyoutambua. Huko Italia, jukwaa la mhandisi Giorgio Rosa lililojitangazia uhuru mwaka 1968 lililipuliwa na serikali mwaka uliofuata. Mwaka 1972 matajiri waliomwaga mchanga juu ya miamba ya Minerva katika Pasifiki walifukuzwa na Tonga, na nchi jirani zikaiunga mkono Tonga.

Sheria nayo haiwapi nafasi kubwa. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi ya pwani peke yake haki ya kuruhusu visiwa vya kutengenezwa hadi maili 200 kutoka ufukweni. Kisiwa cha namna hiyo hakipati mpaka wake wa bahari. Ukienda mbali zaidi ya hapo, hakuna anayeweza kudai sehemu ya bahari kuu kuwa nchi yake, na gharama ya kupeleka mafuta, chakula na mafundi hupanda. Anayetaka mradi wenye hesabu zinazokubali hana budi kukaa karibu na mtu.

Jaribio lililotumia akili zaidi lilifanyika Polynesia ya Kifaransa. Januari 2017 taasisi ya Marekani iitwayo Seasteading Institute ilitia saini makubaliano ya awali na serikali ya visiwa hivyo. Serikali ingefikiria sheria ya eneo maalumu la kiuchumi. Wawekezaji wangefanya uchunguzi wa faida na wa mazingira. Mahali palipotazamwa ni maji yaliyokingwa na matumbawe huko Tahiti. Kwa karatasi, mpango ulikuwa mzuri: visiwa vinavyotishwa na kupanda kwa bahari vingepata teknolojia na ajira.

Lakini saini ilitangulia, wananchi wakafuata. Waliovua samaki katika maji hayo waliuliza watapita wapi. Wengine waliona matajiri wa kigeni wanatafuta mahali pa kukwepa kodi, na ni vigumu kuwalaumu, maana unafuu wa kodi ulikuwa sehemu ya mazungumzo. Tena mwenyeji hakuwa mmoja: Papeete inashughulikia kodi na uchumi, ila ulinzi, sarafu na mahakama viko mikononi mwa Paris. Uchaguzi wa 2018 ulipokaribia, serikali ilisema makubaliano yamekwisha muda na hayaifungi.

Thailand ilikuwa kali zaidi. Mwaka 2019 jeshi la majini lilikivuta kibanda cha kuelea kilichowekwa zaidi ya maili 12 kutoka Phuket, na wenyewe wakatishiwa mashtaka yenye adhabu ya kifo. Hawakuwa wameomba kibali.

Hata kibali cha serikali moja hakitoshi. Honduras ilipitisha sheria ya maeneo yenye madaraka yake mwaka 2013. Bunge likaifuta mwaka 2022, na kampuni ya Próspera iliyojenga kisiwani Roatán ikafungua madai ya zaidi ya dola bilioni 10. Upande wa upinzani ulikuwa umeipinga sheria hiyo tangu mapema.

Kwa maoni yetu, mwekezaji angeanza na madogo: njia za wavuvi, maji machafu yanakwenda wapi, polisi gani anakuja mtu akiuawa, na fedha za kuondoa jukwaa zimewekwa benki gani iwapo kampuni itafilisika. Maldivi ilipotangaza mji wa kuelea karibu na Malé, serikali iliingia kama mbia na sheria ni zake. Hakuna uhuru unaodaiwa pale, bali nyumba zenye hati. Wapenda kujitawala watasema hiyo si ndoto yao, lakini kwa jirani hiyo ndiyo bidhaa inayonunulika.